Anakuonea, Halafu Eti Anakupenda

Ukitaka kujua wanachuo wanasoma nini wakishamaliza vitini, usiende maktaba. Angalia simu zao saa sita ya usiku. Bando likiwepo, pidiefu zinatembea kutoka chumba hadi chumba, na nyingi ni riwaya za mapenzi za ule upande wa giza: kijana mkatili anamwonea msichana kurasa mia mbili, kisha kurasa mia zinazobaki anakuwa mpenzi wake. Wasichana wanazisoma. Wavulana nao wanazisoma, msijifanye.

Sisemi zipigwe marufuku. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971, iliwahi kupigwa marufuku shuleni, na leo hakuna anayesoma fasihi ya Kiswahili asiyeijua. Ninachosema ni kwamba mashabiki wa riwaya hizi wana neno moja wanalolipenda mno: mhusika "amekua", amebadilika. Neno hilo tumelirahisisha. Mara nyingi kinachoitwa mabadiliko ni maelezo tu.

Chukua mfano unaojulikana na wengi, Bully ya Mmarekani Penelope Douglas, ya 2013. Tate na Jared ni majirani na marafiki wa utotoni. Wakiwa na miaka 14, Jared anakwenda kukaa na baba yake likizo moja, na anarudi akiwa mtu mwingine. Tangu hapo anamfanyia Tate visa shuleni: uvumi, kebehi, kumtenga na wenzake. Tate anakwenda kusoma Ufaransa mwaka mmoja, na anaporudi ameshaamua kwamba hatakimbia tena. Mwisho unaujua hata kama hujakisoma.

Mwaka huohuo mwandishi akatoa Until You, kisa kilekile kikisimuliwa na Jared. Humo ndimo tunapoona alivyoteswa na baba yake, na msomaji mwenye roho ya kibinadamu anamwonea huruma. Mimi pia nilimwonea. Lakini ngoja kidogo. Tulichopewa ni sababu. Tumejua alikoumia, ila hakuna kisa hata kimoja kilichofutika kwa Tate kwa kuwa sisi tumejua. Wahenga walishalimaliza hili: mtenda husahau, mtendwa hasahau. Halafu, Tate si yule baba. Deni la mtu mmoja lililipwa na mwingine.

Ukisoma kwa makini, anayekua katika kitabu cha kwanza ni Tate. Anaanza akiwa mtu wa kukwepa, anaishia akiwa mtu wa kujibu. Jared yeye anafika mbali zaidi katika Aflame, ya 2015, pale anapoondoka ili akajijenge, na anaporudi baada ya miaka miwili anakuta maisha ya mwenzake yameendelea bila yeye. Hapo naona kazi imefanyika, kwa sababu alibadilika pasipo na busu la kumlipa. Cha kushangaza, wengi tunaishia kitabu cha kwanza na tayari tumeshampa cheti.

Linganisha na Kezilahabi. Zakaria, baba yake Rosa, anampiga mkewe Regina, na anamcharaza binti kwa sababu ya barua ya mvulana. Mwandishi hajifichi: ukali ule unamfuata Rosa hadi shuleni na chuoni, na unamharibu. Hakuna sura inayotubembeleza tuuone ukali wa Zakaria kama upendo uliokosa njia. Maumivu yanahesabiwa upande wa aliyeumizwa, na ndiyo sababu kitabu kile bado kinauma.

Najua jibu lenu: "Ni hadithi tu, acha kukaza." Sawa. Msomaji ana akili, na raha ya hadithi ya kutisha ni kwamba unaweza kuifunga. Tena ndani ya hadithi yupo mwandishi aliyekwisha kukuahidi kwamba yule mkatili ana moyo. Huku kwetu kampasi hakuna mwandishi. Hakuna aliyekuahidi chochote.

Namjua dada mmoja wa mwaka wa pili, ametoka kwetu Ikinga, huku Ileje, mkoa wa Songwe. Kiswahili chake kina lafudhi ya nyumbani, na hilo si kosa la jinai. Kijana mmoja wa darasa lake akaifanya lafudhi ile kuwa kichekesho cha grupu la WhatsApp. Akamrekodi akiwasilisha kazi, akasambaza. Akachukua picha yake akatengeneza stika. Dada alipolalamika, marafiki zake mwenyewe wakamwambia, "Huyo anakupenda, hajui tu kusema." Basi kijana akatuma meseji mbili tatu za upole, na chumba kizima kikashangilia: amebadilika! Wiki iliyofuata stika zikarudi. Leo dada yule anakaa nyuma kabisa, hafungui mdomo kwenye semina, na alama za uwasilishaji zinampita hivihivi. Aliyefadhili masomo yake ni mama anayeuza kahawa ya debe. Kwa hiyo msiniambie ni hadithi tu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi tuna kipimo chetu cha mambo haya na tumekisahau. Tunao utani. Nyumbani babu humwita mjukuu "mke wangu", na mjukuu humjibu, "Mume gani huna meno?" Nyumba nzima inacheka, babu akiwa wa kwanza. Watani wa makabila hutukanana hadi msibani. Lakini utani una masharti yake. Kwanza, ni wa pande mbili: anayetaniwa ana ruhusa ya kujibu, na jibu lake linapokelewa. Pili, mtani huyohuyo anayekucheka ndiye anayebeba maji na kuchimba kaburi siku umefiwa. Mtu anayekucheka mbele ya watu 80 wa grupu, ukijibu anakasirika, na ukipata shida haonekani, huyo si mtani wala mpenzi aliyejificha. Ni mwonevu. Na yakifika kwenye maneno au vitendo vya kingono usivyovitaka, Kanuni ya Adhabu ya nchi hii inavitambua kuwa kosa, kifungu cha 138D.

Je, mwonevu hawezi kubadilika? Anaweza, na nisingependa kuishi katika nchi inayoamini vinginevyo. Ila tumsome kama tunavyomsoma mhusika kwenye mtihani wa fasihi, kwa ushahidi wa matendo. Je, ametaja alichofanya kwa jina lake, au amesema tu "samahani kama nilikukwaza"? Je, amerekebisha mbele ya walewale aliokuabisha mbele yao, au amekuomba radhi chemba na kukuacha uchi hadharani? Na swali ninaloliona gumu kuliko yote: anawatendeaje wale ambao hawataki kimapenzi? Akiwa mpole kwako tu, huku anaendelea kumcheka binti mwingine wa benchi la mbele, basi hajakua. Amechagua wa kumwacha kwa muda.

Swali la mwisho linatuhusu sisi wasomaji pia. Kila tunaposema "anakupenda huyo", tunamwandikia mwenzetu sura ambayo hatutakuwepo kuilipia. Tunampa yeye kazi ya kumponya mtu, wakati ana mitihani ya kufanya na supu za kukwepa. Huko ni kumtwisha aliyeumizwa mzigo wa aliyeumiza.

Someni riwaya zenu, wanetu. Lieni na Jared, ombeni sehemu inayofuata, gombaneni nani mzuri kuliko nani. Ila siku rafiki yako anakuja chumbani akiwa na stika ya uso wake kwenye simu, usimtafutie maana yake ya kimapenzi. Muulize anataka tufanye nini, kisha mwende pamoja dawati la jinsia.