Jamani, Diski D Si Nakala Rudufu!

Leo nina hasira. Mnivumilie.

Jana jioni alinijia dada mmoja wa hapa mtaani, tarakilishi yake ameikumbatia kama mtoto mgonjwa. Diski inalia tik, tik, tik. Ndani mna tasnifu yake ya uzamili na picha zote za marehemu babake. Nikamwuliza, "Una nakala?" Akajibu bila wasiwasi, "Ndiyo, niliweka kwa D. Fundi aliniambia D ni salama."

Sasa dada wa watu nimwambie nini?

Mafundi wenzangu, tuache kudanganya watu! Kwa tarakilishi nyingi, C na D ni diski moja iliyogawanywa. Ni kama kuishi chumba kimoja kisha unaning'iniza pazia katikati. Nyumba ikishika moto, pazia litazuia nini? D inafaa pale Windows inapoharibika na kuwekwa upya, basi. Diski yenyewe ikifa, zote mbili zimekufa. Mwizi akibeba mashine, amebeba zote mbili.

Najua kuna atakayesema, "Mimi natumia Google Drive." Vizuri, lakini folda inayokwenda sambamba na mashine yako ni kama kioo. Ukifuta faili hapa, na kule inafutika. Inakaa kwenye pipa la taka siku 30, halafu kwaheri. Ukigundua siku ya 31, pole.

Mpiga picha Mmarekani, Peter Krogh, alieneza kanuni rahisi ya 3-2-1: kila faili iwe na nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2, na 1 ikae mbali na nyumbani. Tasnifu nzima inaingia kwenye flashi ndogo kabisa. Mwachie dada yako flashi hiyo, nyingine kaa nayo. Hapo kisingizio cha pesa kiko wapi?

Halafu ijaribu! Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab alifuta data ya hifadhidata kuu kimakosa. Walipokimbilia nakala zao za kila siku, hazikuwepo. Programu ya kuzitengeneza ilikuwa ikishindwa kimyakimya. Waliokolewa na nakala moja iliyochukuliwa yapata masaa 6 kabla ya ajali. Ikiwa hao yaliwakuta, wewe ni nani? Nakala ambayo hujawahi kuifungua ni matumaini tu.

Yule dada nimemwambia asiiwashe tena mashine yake, maana kila ikiwashwa diski inazidi kujikwaruza. Kuokoa data kwenye diski ya namna hiyo ni kazi ya wataalamu, tena ni ghali, na hakuna anayeweza kumwahidi kitu. Tasnifu anaweza kuiandika upya akilia. Picha za babake nani atazipiga tena?

Fundi, ukiulizwa kuhusu D, sema ukweli. Na wewe msomaji, usilale leo kabla hujanakili.