LUGHA ZA WENZETU: Mkazo Usiofuata Mkia

Sisi wasemaji wa Kiswahili tumezoea raha moja: mkazo wa neno twajua ulipo. Hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, na neno likirefuka, nao husogea. Twasema SO-ma, tukiwaamuru wengi, so-ME-ni. Maneno yanayokaidi ni machache, kama vile ba-RA-ba-ra lenye maana ya sawasawa, ambalo silo ba-ra-BA-ra tunayopita na baiskeli zetu.

Anayejifunza Kiitaliano kwa mazoea hayo atakwama mapema. Parla, yaani "anasema", hutamkwa PAR-la. Basi akitaka "wanasema", parlano, ulimi wake utakimbilia par-LA-no. Waitaliano husema PAR-la-no. Ile -no ya wingi hufungwa nyuma kama behewa la garimoshi, lakini mkazo haubanduki pale ulipokuwa katika umoja. Vivyo hivyo A-bi-ta, "anakaa", huzaa A-bi-ta-no. Na te-LE-fo-na, "anapiga simu", huzaa te-LE-fo-na-no, mkazo ukiwa silabi ya nne kutoka mwisho! Hata hivyo usidhani kwamba umegandishwa hapo daima. Katika "tunasema" husogea: par-LIA-mo. Na hiyo lia ni silabi moja tu, si mbili kama katika kilio chetu.

Kugawa silabi zenyewe si kazi kubwa. Konsonanti pacha hutenganishwa, LEG-go, "nasoma". Nayo s huandamana na konsonanti inayoifuata, BA-sta, "inatosha".

Je, huu ni udhia wa bure? Hasha! Parlo ni "nasema", parlò ni "alisema": mtendaji na wakati vimegeuka kwa mkazo peke yake. Tazama pia CA-pi-ta-no, "yanatukia"; ca-pi-TA-no, "nahodha"; na ca-pi-ta-NÒ, "aliongoza". Katika maandishi ya kawaida ni hili la tatu tu linalopewa alama, kwa kuwa mkazo wake uko mwisho kabisa. Mawili ya kwanza huandikwa sawasawa, na msomaji huyatambua kwa maana ya sentensi.

Kwa hiyo jifunze umoja kwanza, uutamke kwa sauti, ndipo uongeze -no bila kuusogeza mkazo. Ila kwa vitenzi vinavyoishia -ere itakubidi uwe na kamusi karibu: "kuona" ni ve-DE-re, lakini "kuandika" ni SCRI-ve-re, na kwa kuyatazama tu hutajua.