Karatasi ya Peni Moja

Kuna watu wakusanyao stempu za posta, na wengine vipepeo. Wako pia wakusanyao noti za makoloni ya zamani, ambazo leo hazinunui hata kiberiti dukani. Jirani huwacheka: fedha isiyo na kazi yafaa nini? Swali hilo si la kipumbavu, wasomaji wapenzi. Nitalijibu kwa kuzitazama noti za visiwa vya Fiji, katika bahari ya Pasifiki, kwa maana habari zake ni wazi na bei ya baadhi yake haitishi.

Kwanza yatupasa kukumbuka kwamba noti si mali. Ni ahadi ya mali iliyoandikwa karatasini. Serikali ibadilipo fedha, mwenye ahadi huenda benki, hupewa fedha mpya, na karatasi ya kale huharibiwa. Ndivyo ilivyokuwa Fiji mwezi wa Januari 1969, dola ilipochukua nafasi ya pauni, dola 2 kwa pauni 1. Basi noti ya pauni uionayo leo ndani ya albamu ni noti ambayo hakuna aliyeirudisha. Mwenyewe alikufa, au aliisahau ndani ya kitabu, au aliichukua mbali iwe ukumbusho. Nani angeisahau noti ya pauni 20? Ndiyo sababu hizo ni adimu, na bei yake ni ya matajiri. Lakini nani angefunga safari kwenda benki kwa ajili ya peni moja?

Naam, palikuwa na peni ya karatasi. Mwezi wa Desemba 1941 vita viliingia Pasifiki. Askari wa New Zealand walikuwa wamekwisha kufika Fiji, na mwaka 1942 wakaja Wamarekani kwa maelfu. Wote walinunua, wote walitaka chenji, na sarafu hazikutosha. Uingereza ilikuwa mbali, na njia ya bahari ilikuwa ya hatari. Serikali ya koloni ikachapisha noti za shilingi 1 na shilingi 2. Kisha ikatoka noti ndogo ya peni 1, yenye tarehe 1 Julai 1942. Mchoraji wake hakujisumbua sana: aliichora ile sarafu yenyewe, pande zake mbili, pamoja na tundu lake la katikati. Ni kama mtu akosaye kuku, akamwekea mgeni picha ya kuku mezani. Ila hapa mgeni aliipokea, naye mwenye duka akaipokea kwake.

Hata noti kubwa zilipungua. Zikachukuliwa noti za pauni za New Zealand za mwaka 1934, zenye sura ya Tawhiao, mfalme wa Wamaori, zikapigwa chapa ya serikali ya Fiji juu yake. Sarafu nazo zikagongwa San Francisco, Marekani. Ndiyo maana zile za 1942 na 1943 zina herufi ndogo S. Sisi wa Kongo tusistaajabu. Sarafu yetu ya faranga 2 ya mwaka 1943, ile ya pembe sita yenye tembo, iligongwa Philadelphia, kwa kuwa Brussels ilikuwa mikononi mwa Wajerumani.

Shida ya ahadi, hata hivyo, ilianza Fiji kabla ya Waingereza. Ratu Seru Cakobau, mkuu wa Bau, alitangazwa mfalme mwaka 1871, na serikali yake ikatoa noti za dola. Matumizi yakapita mapato, madeni yakazidi, na tarehe 10 Oktoba 1874 visiwa vikatolewa kwa Uingereza. Anayeshika noti ya Cakobau anashika ahadi ya serikali iliyoishi miaka mitatu tu.

Kwangu mimi, noti yenye maneno mengi kuliko zote ni ile ya shilingi 1 ya mwaka 1942. Kati ya 1879 na 1916 watu zaidi ya 60,000 walisafirishwa kutoka India kwenda kulima miwa ya Fiji, kwa mkataba wa miaka 5. Ujira ulioandikwa ulikuwa shilingi 1 kwa siku kwa mwanamume aliyemaliza kipande chake cha kazi, na peni 9 kwa mwanamke. Wengi hawakukimaliza, wakapata pungufu. Karatasi hiyo ndogo, basi, ni kipimo cha siku nzima ya jasho ambayo baba zao waliahidiwa na hawakuipata kila mara. Wafanya biashara huzilipia zaidi noti safi zisizo na mkunjo. Haya, hiyo ni biashara yao. Mimi nachagua ile iliyokunjwa mara nne na kuingia mafuta ya mikono.

Atakaye kuanza aanze na peni. Asiipige pasi, asiifue, asiitie gundi. Aiweke bapa, mbali na unyevu na mende, wala si ndani ya plastiki laini yenye harufu, maana hiyo huila karatasi. Noti yenye chapa ya juu asiinunue peke yake bila mjuzi, kwa sababu chapa hughushiwa kwa urahisi juu ya noti ya kweli. Na fedha ya karo ya watoto isiguswe. Mama wa nyumba ana haki ya kuuliza bei, tena aambiwe bei yenyewe.

Limebaki jambo moja ambalo wakusanyaji hubishana: koloni linakoma wapi ndani ya albamu? Fiji ilipata uhuru tarehe 10 Oktoba 1970, lakini sura ya malkia wa Uingereza ilikaa juu ya noti zake miaka mingine arobaini na zaidi. Noti mpya za mwaka 2013 ndizo zilizomwondoa, zikaweka ndege, samaki na ua la kwao. Juu ya ile ya dola 100 yuko nyenze aitwaye nanai, mdudu atokaye ardhini mara moja kila miaka 8.