Historia ya Epulu si ya Madami peke yake

Ukimwuliza mgeni aliyesoma kidogo juu ya Epulu, pale katika teritwari ya Mambasa, atakutajia okapi kwanza, kisha Putnam. Patrick Putnam, Mmarekani, aliweka kambi yake kando ya mto Epulu katika miaka ya 1930. Akatibu wagonjwa, akapokea wageni wa kulala kwa malipo, watu wakakuja kutoka mbali kutazama Wambuti. Mwaka 1946 akaja na Anne Eisner, mchoraji wa New York, na mwaka 1948 wakafunga ndoa. Watu wa kambi walimwita Madami. Mwaka 1954 kikatoka kitabu chenye jina hilohilo juu ya miaka yake minane msituni.

Anne Eisner hakuwa mke wa koloni wa kukaa barazani na kuamuru chai. Alichora, alisimamia kambi mume wake alipougua, aliandika hadithi alizosimuliwa. Aliwalea pia watoto watatu wa Kimbuti waliokuwa yatima. Putnam alifariki Desemba 1953, Anne akaondoka mwaka uliofuata, akarudi tena mwaka 1957 kwa muda. Alifariki mwaka 1967.

Hakuna ubaya kumkumbuka. Shida ni namna anavyokumbukwa: kama vile msitu ulikuwa mtupu, akaingia mwanamke mmoja mzungu, historia ikaanza.

Putnam alikuwa na wake wa Kikongo pia, na jambo hilo halikuwa siri. Wao nao waliishi Epulu, walilima, walipika, waliwajua wageni. Familia yao iko wapi katika historia hii? Wanatajwa mstari mmoja, miwili, kama viti vya nyumba. Na wale yatima watatu, walipita mikononi mwa akina mama wengi wa kambi, kwa sababu ndivyo Wambuti wanavyolea: mtoto wa mmoja ni wa wote. Vitabuni mama ni Anne. Wale wengine ni “wanawake wa kambi”. Na hadithi ambazo Anne aliandika hakuzitunga yeye. Kulikuwa na mdomo uliosema na bibi aliyemfundisha huyo msemaji.

Tena Anne mwenyewe alionja dawa hiyo. Kitabu chake cha 1954 kiliandikwa pamoja na mwandishi wa habari mwanaume. Mwingereza Colin Turnbull alifika katika kambi hiyo mwaka 1951, na kitabu chake cha 1961 juu ya Wambuti kikamfanya maarufu duniani, huku Madami akibaki kwa wengi mke wa Putnam tu. Nani alimtoa kivulini? Familia yake. Christie McDonald, mpwa wake na profesa wa Harvard, alisimamia kitabu kikubwa juu ya picha na maandishi ya shangazi yake, kikatoka mwaka 2005. Karatasi za Anne zimetunzwa katika maktaba ya Houghton, hukohuko Harvard, kwa utaratibu, kila moja na namba yake.

Familia moja ya Amerika imefanya kazi yake vizuri. Familia za Epulu hazina Houghton. Zina wazee, na wazee wanaisha. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 Madami alipoondoka mwaka 1954 sasa amepita 80. Wengine wamekimbia vita mara nyingi, wakazikwa mbali na kwao. Tarehe 24 Juni 2012, Mai-Mai Simba wa Morgan walipovamia Epulu, waliua watu na okapi 14 wa kituo. Dunia nzima ilihesabu okapi. Majina ya watu waliokufa siku ile, ni wangapi hapa Bunia wanayajua?

Kuna watakaosema kwamba Ituri iko chini ya hali ya kuzingirwa tangu Mei 2021, watu wanauawa njiani, na hapa mtu analilia karatasi za zamani. Lakini sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 inawapa Wambilikimo haki juu ya ardhi na misitu wanayoishi tangu mababu. Siku Mmbuti atakaposimama mbele ya wakuu na kampuni ya mbao, au mbele ya mtu mwenye hati ya shamba iliyosainiwa jana, ataulizwa: babu yako aliishi hapa lini, nani shahidi? Anne aliandika na kuchora watu wa mahali palepale, katika miaka inayojulikana. Shahidi yupo. Amefungiwa ng’ambo ya bahari, katika lugha ambayo mwenye ardhi haisomi.

Kwa hiyo lawama isiishie Harvard. Bunia ina Universite ya Bunia na Universite Shalom. Kuomba nakala za karatasi za Epulu ni barua moja, na katika wakati huu wa kompyuta nakala hazihitaji meli. Kutuma wanafunzi wawili watatu wenye simu ya kurekodi kwa wazee wa Epulu walioko Mambasa, Komanda na hapa mjini katika kambi za wakimbizi ni gharama ndogo kuliko semina moja ya hoteli yenye mabango na chupa za maji. Waulizwe kwanza wanawake. Waulizwe majina ya mama zao na bibi zao, nani alimnyonyesha nani, nani alikuwa akipika kwa Putnam, nani alimsimulia Madami hadithi ipi. Kisha picha za Anne zirudishwe kwao zitazamwe, maana katika picha hizo kuna nyuso, na wapo bado watu wachache wanaoweza kusema: huyu ni mama yangu mkubwa.