Jirani Akinyamaza, Mtoto Analelewa na Nani?

Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba kila mtoto huzaliwa katika fitra, kisha wazazi wake ndio wanaomwelekeza. Lakini mzazi hakai na mwanawe saa 24. Mtoto ana skuli, ana chuo, ana mtaa, na siku hizi ana simu.

Zamani hapa visiwani mtu mzima yeyote aliweza kumwambia mtoto, "Nenda chuoni." Leo, katika vijiji vya utalii kama Nungwi na Paje, mtoto anaweza kuwa ufukweni akiwauzia wageni vitu saa za skuli, na watu wakampita kimya. Jirani anachelea kuambiwa, "Mwanangu hakuhusu."

Hofu ya mzazi nayo ina sababu. Wapo waliowapiga na kuwadhalilisha watoto kwa jina la malezi, na Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Na. 6 ya 2011, imekuja kuwalinda. Hata hivyo, kumlinda mtoto si kumwacha bila wa kumkanya.

Ndugu zangu, wazazi wa kila mtaa wakae na mwalimu wa chuo na sheha, wakubaliane. Jirani akanye kwa ulimi, hadharani, asinyanyue mkono, na siku hiyo hiyo amjulishe mzazi. Na mzazi akiletewa habari, ashukuru kwanza, ndipo aulize.

Surat At-Tahrim, aya ya 6, inatuamrisha tujikinge na Moto sisi na ahali zetu. Anayetusaidia katika hilo si adui.

Wallahu a'lam.