Kutembea Tena Baada ya Kiharusi Si Kupona Kabisa

Kiharusi hutokea wakati mshipa wa damu katika ubongo unapoziba au kupasuka. Sehemu ya ubongo huharibika, na mara nyingi upande mmoja wa mwili hupooza. Si ugonjwa wa watu wa mjini tu. Uchunguzi uliofanywa kati ya mwaka 2003 na 2006 uliwakuta wagonjwa Dar es Salaam, na pia katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro.

Mgonjwa akianza kutembea tena, jamaa hufurahi. Husema, "Amepona." Mazoezi huachwa na mgonjwa hupewa jembe. Akichoka mapema, huitwa mvivu. Kumwita hivyo ni kumwonea.

Ubongo ndio unaoiamuru misuli. Amri zikipungua, nguvu za misuli hupungua. Hata mguu mzima hudhoofika kwa kulala siku nyingi. Kutembea polepole uani hakuhitaji nguvu nyingi. Kwa hiyo udhaifu hujificha. Huonekana anapopanda mlima, anapovuka mtaro au anapoinuka chooni.

Utaujuaje? Mwambie akae kitini, kisha asimame bila kushika kitu. Simama karibu naye. Je, anaegemea mguu mmoja? Tazama na viatu vyake. Je, kimoja kimelika zaidi mbele? Huenda anaburuta vidole.

Udhaifu huu ni hatari. Mtu wa namna hii hujikwaa upesi. Mifupa ya upande uliopooza nayo hupungua nguvu. Akianguka na kuvunjika nyonga, atarudi kitandani.

Basi mazoezi yasiachwe. Mtaalamu wa afya akikubali, asimame na kukaa mara 10, asubuhi na jioni, mtu akiwa karibu. Akizoea, aongeze kidogo kidogo. Akisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, aache na apelekwe kituo cha afya. Apimwe shinikizo la damu, wala asiache dawa kwa sababu anajisikia vizuri. Mguu ukilegea ghafla, apelekwe hospitali mara moja.

Kumlaza kutwa ni kosa. Kumlimisha kutwa nako ni kosa. Leo apukuchue mahindi, kesho apalilie tuta moja, baadaye matuta mawili. Kazi iongezwe kadiri mguu unavyopata nguvu.