Mtoto wa siku tatu hajaacha dozi

UWANDA WA KATI
Na Neema Ndahani, Dodoma

Kila mwaka, kuanzia tarehe 18 hadi 24 Novemba, dunia huadhimisha wiki ya kuelimishana kuhusu usugu wa vimelea dhidi ya dawa, ambao serikali yetu imeufupisha kuwa UVIDA. Mabango hutundikwa, viongozi huhutubia, na mwananchi huambiwa yaleyale: maliza dozi, usinunue antibayotiki bila cheti cha daktari, usimpe mwanao dawa iliyobaki kwa jirani. Maneno ni sahihi, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kuhusu huyo anayeambiwa. Wa kwanza kuumizwa na usugu huu ni kiumbe aliyezaliwa juzi, na mtoto wa siku tatu hajaacha dozi ya mtu yeyote.

Kichanga mwenye maambukizi kwenye damu haonyeshi makuu. Anaacha kunyonya. Analegea. Joto hupanda, au hushuka mwili ukawa wa baridi, na hilo la pili huwapoteza wazazi wengi wanaodhani ugonjwa ni lazima uchemshe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka aanzishiwe sindano za ampisilini na jentamaisini papo hapo, bila kungoja maabara. Jozi hiyo imeokoa watoto wasiohesabika. Tatizo ni kwamba katika wodi nyingi za Afrika na Asia bakteria wanaokutwa kwenye damu ya vichanga, hasa Klebsiela, wameshaizoea. Wanatengeneza kimeng'enya kinachoivunja ampisilini na hata seftriaksoni, ile sindano tuliyokuwa tukiiona ndiyo mwisho wa matatizo. Mara nyingi kipande cha vinasaba kinachobeba ujuzi huo hubeba pia kinga dhidi ya jentamaisini, na bakteria humgawia mwenzake hata wasipokuwa wa ukoo mmoja. Hapo daktari anabaki na dawa kama meropenemu, ambayo ni ghali na huwezi kuitegemea kuikuta kwenye zahanati ya kijiji.

Haya hatukuyasikia jana. Kati ya Agosti 2001 na Agosti 2002, wataalamu wa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norwe, walifuatilia watoto 1,828 wa hadi miaka saba waliolazwa Muhimbili. Karibu mmoja kati ya saba alikutwa na vimelea kwenye damu. Waliokuwa na bakteria wa kundi la Klebsiela na E. koli walikufa kwa kiwango cha asilimia 43.5, waliokuwa na malaria, asilimia 20.2. Someni tena: malaria, tuliyoitungia nyimbo, kuigawia vyandarua na kuipangia miradi, iliua chini ya nusu ya kiwango hicho. Na pale bakteria walipokuwa na kile kimeng'enya, vifo vilifika asilimia 71. Matokeo hayo yalichapishwa 2005 na 2007. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo wa utafiti leo ni mtu mzima mwenye kadi ya kupigia kura.

Msomaji atauliza kwa nini naandika kutoka Dodoma nikitumia hesabu za Dar es Salaam. Kwa sababu ili ujue ni mdudu gani yuko kwenye damu na dawa ipi inamuua, lazima uoteshe damu hiyo maabara, na kuotesha ni kazi ya siku kadhaa inayotaka chupa maalumu, mashine, umeme usiokatika na mtaalamu. Uchunguzi uliofanywa katika nchi 14 za Afrika, Tanzania ikiwamo, na kutangazwa mwaka 2022, ulikuta kuwa katika maabara 50,000 ni asilimia 1.3 tu zinazofanya vipimo vya bakteria. Kwingineko tiba ni ya kubahatisha. Tuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ambayo wenyeji bado tunaiita General, na tuna Hospitali ya Benjamin Mkapa pale jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma. Lakini wengi wa watoto wa Bahi, Chemba na Mpwapwa hawazaliwi huko. Wanazaliwa kwenye zahanati na vituo vya afya, na kipimo cha karibu kabisa cha damu yao ni jicho la muuguzi.

Tukubali kwanza kwamba nchi imepiga hatua. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2004-05 ulikuta watoto 112 kati ya kila 1,000 wanaozaliwa hai hawafiki miaka mitano. Ule wa 2022 ukakuta 43. Ni mafanikio ambayo nchi nyingi zingejivunia. Sasa angalia wale wasiomaliza mwezi wa kwanza: 32 wakati ule, 24 sasa. Chandarua na chanjo vimewafikia watoto wakubwa zaidi. Vifo vya vichanga tumevishusha kidogo tu. Na kipindi hichohicho tumewashawishi kina mama wakajifungulie kituoni hadi wamefika asilimia 81. Tumewatoa nyumbani na kuwaleta kwetu. Basi na tuulize tumewaleta mahali pa namna gani.

Watafiti wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, waliwahi kuuliza swali hilo kwa njia yao. Katika kazi iliyochapishwa 2014 walipima wanawake waliotoka kujifungua pamoja na vichanga, wakitafuta bakteria wenye kile kimeng'enya matumboni mwao. Kwa mama, walikuwapo kwa asilimia 15. Kwa vichanga, asilimia 25. Watoto wamewapita mama zao! Na vimelea vya watoto havikufanana na vya mama, kumaanisha mtoto aliviokota kwingine. Kwingine wapi, kama siyo mikononi mwetu, kwenye mizani, kwenye mpira wa kunyonyea makamasi, kwenye shuka na kwenye kitanda cha watoto njiti wanaolala wawili wawili?

Ndiyo maana lawama kwa mama huniudhi. Wakati mwingine dawa ni yeye mwenyewe. Muhimbili ilikuwa moja ya hospitali tano, katika nchi tano, zilizoshiriki jaribio la kuwaweka njiti kifuani mwa mama mara tu wanapozaliwa, ngozi kwa ngozi, badala ya kungoja wapate nafuu kwanza. Matokeo yalitoka 2021. Waliobebwa mapema walikufa 12 kati ya 100, waliongoja karibu 16, na maambukizi kwenye damu yalipungua. Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake kwa kuwa haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine. Hapakuwa na antibayotiki mpya pale. Kulikuwa na kifua cha mama na kitanda cha kumlaza mama huyo, na ndani ya wodi zetu kitanda ndicho kinachokosekana.

Sasa tuje kwenye maji, maana ndipo ninapokwenda. Uchambuzi uliochapishwa 2014, kwa takwimu za vituo vyetu za mwaka 2006, ulikuta kuwa katika vyumba vya kujifungulia nchini ni robo tu vilivyokuwa na maji na choo vya kuaminika. Takwimu ni za zamani, na tangu hapo majengo mengi mapya yamesimama, yenye vigae na rangi nzuri. Ila jengo halitoi maji. Dunia nzima, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitangaza 2022, nusu ya vituo vya afya havina maji na sabuni, au dawa ya kusafishia mikono, mahali mgonjwa anapohudumiwa na chooni. Kwa jiji letu lenye watu 765,000 katika sensa ya 2022, linaloendelea kunywa kwa sehemu kubwa kutoka visima vya Makutupora, mgao wa maji si habari ngeni. Mkunga aliyezalisha wanne usiku mmoja kwa ndoo moja anajua zaidi kuhusu UVIDA kuliko mhutubiaji yeyote wa Novemba.

Na sisi wa Dodoma hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta somo, maana somo liko Kongwa. Tangu miaka ya 1980 vijiji vya Kongwa vimekuwa darasa la dunia kuhusu trakoma, ugonjwa wa vikope unaopofusha. Vumbi, inzi, mifugo mlangoni, maji ya kutembea mwendo: kulikuwa na vijiji ambavyo nusu ya watoto wadogo au zaidi waliugua. Sheila West wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, na wenzake, Watanzania wakiwamo, walifanya jaribio ambalo lilichapishwa 1995. Vijiji vyote vilipewa mafuta ya tetrasaikilini. Baadhi vikaongezewa kampeni ya kuwanawisha watoto uso. Waliobaki na nyuso safi walipata trakoma kali mara chache kuliko wenzao. Kilichonivutia zaidi ni mazungumzo ya kabla ya hapo. Familia zilikuwa zinaamini kunawisha uso kunamaliza maji, na katika nchi ya ukame hayo ni matumizi yanayohitaji kauli ya mwenye nyumba. Walipoonyeshwa kwa vitendo, lita moja ilinawisha nyuso nyingi kupita walivyokadiria. Hakuna aliyewaita wajinga. Waliketi wakapima maji pamoja.

Sura ya pili ya Kongwa haisemwi sana. Baada ya azithromaisini, ile ambayo madukani wengi huiita azuma, kuanza kugawiwa bure kwa kijiji kizima, watafiti walichukua vinyesi vya watoto wa chini ya miaka mitano kabla na baada ya ugawaji. Kabla, E. koli sugu kwa dawa hiyo walikuwa karibu mmoja kati ya sita. Mwezi mmoja baadaye wakawa zaidi ya nusu. Baada ya miezi sita walikuwa wameshuka, lakini bado karibu theluthi. Mwezi mmoja tu! Azithromaisini si sindano ya kichanga, na sisemi Kongwa ilikosea, macho yaliokolewa. Nasema bakteria walijibu haraka kuliko kamati yoyote inavyoweza kuandika muhtasari, na walianza kupungua dawa ilipositishwa.

Jirani zetu wa Kilosa wakaingia katika jaribio kubwa zaidi, pamoja na Niger na Malawi, kuona kama dawa hiyohiyo ikigawiwa kwa watoto wote mara mbili kwa mwaka itapunguza vifo. Majibu ya 2018: Niger vifo vilipungua kwa asilimia 18, kwetu, kwa asilimia 3.4, kiasi ambacho kinaweza kuwa bahati tu. Miaka miwili baadaye Shirika la Afya Duniani likashauri ifikiriwe tu pale vifo vya watoto viko juu sana, zaidi ya 80 kati ya 1,000. Sisi tuko karibu nusu ya hapo. Faida kwetu ni ndogo na gharama ya usugu iko palepale. Ni vizuri kujua hesabu hiyo kabla mfadhili hajabisha hodi.

Kuna upande wa cheti pia, na hapa mwananchi ana sehemu yake, ingawa si kubwa kama tunavyomtwisha. Mtoto ana homa, kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, basi lazima ana UTI, na akishatibiwa mara mbili ana "UTI sugu". Utafiti wa Dar es Salaam na Ifakara wa mwaka 2008, kwa watoto 1,005 wenye homa, ulikuta asilimia 71 wana virusi, ambavyo antibayotiki haivigusi. Mwenye kuandika dawa ni nani? Katika vituo vya Mbeya na Morogoro vilivyofuata utaratibu wa kawaida, watoto 70 kati ya 100 walikuwa wakiondoka na antibayotiki. Kwenye vituo ambako wahudumu walipewa kishikwambi chenye programu ya kuwaongoza hatua kwa hatua, pamoja na vipimo vichache rahisi, walikuwa 23, na watoto hawakudhurika zaidi. Matokeo yalitoka 2024. Mama walikuwa wa mikoa ileile. Kilichotofautiana ni msaada aliopewa mhudumu.

Tulikuwa na mpango wa taifa wa kupambana na UVIDA wa 2017 hadi 2022, ukafuata wa pili wa 2023 hadi 2028. Nchi haina upungufu wa mipango. Wizara ya Afya iko Mtumba, Bunge liko hapa mjini, na kati ya Aprili na Juni waheshimiwa hukaa kupitisha bajeti umbali usiozidi saa chache za gari kutoka kila zahanati niliyoiwazia nikiandika haya. Kwa hiyo namwandalia mbunge yeyote wa mkoa huu swali la msingi, alibebe kama lilivyo: katika vyumba vyote vya kujifungulia vya Mkoa wa Dodoma, ni vingapi ambavyo leo saa nane usiku ukifungua bomba maji yatatoka, na ni hospitali ngapi za wilaya zinazoweza kuotesha damu ya kichanga na kumpa daktari majibu mtoto akiwa bado hai? Swali la nyongeza, kama Spika ataruhusu: sabuni ya mkunga hununuliwa kwa fungu gani?